Tatu Fupi, Moja Ndefu

Watu wa milimani wakisikia kwamba nilikulia kando ya ziwa, hudhani tulipenda mbalamwezi kwa uzuri wake. Si kweli. Sisi wa Rumonge tuliupenda mwezi mpevu kwa sababu ulikuwa likizo. Ndagala, wale samaki wadogo wa Tanganyika, huvuliwa kwa taa, na taa haina maana mahali ambapo mbingu nzima inawaka. Kwa hiyo kila mwezi ulipojaa, kwa siku saba nane hivi, mitumbwi ilipandishwa mchangani, nyavu zikaanikwa, na mji mzima wa wavuvi ukalala usiku kama watu wengine. Wazee ndio waliolala. Sisi vijana tulitafuta gari.

Gari ambalo tungeweza kulipata lilikuwa moja tu, kamyoneti ya kijani ya mfanyabiashara wa mtaa wetu wa Waswahili, mzee wa kanzu nyeupe na maneno machache ambaye baba yake alitoka Kongo zamani za Wabelgiji akazikwa Rumonge. Aliinunua mwaka wa Uhuru. Siku ya Uhuru yenyewe ilizunguka mji kuanzia asubuhi hadi jioni imejaa watoto nyuma, nami nikiwemo, nimevaa shati jipya nililolishona kwa mikono yangu. Nilikuwa ndiyo kwanza najifunza ushonaji. Mkono mmoja wa shati ulikuwa mrefu kuliko mwingine, na rafiki zangu hawajaacha kunikumbusha.

Rafiki wenyewe walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa shoferi wa kamyoneti hiyo, yatima aliyelelewa nyumbani kwa yule mzee tangu akiwa mdogo. Wa pili alikuwa fundi wa karabai, zile taa za pampu ambazo wavuvi huzitundika mbele ya mitumbwi. Mwezi ukijaa, fundi wa taa hana kazi, shoferi wa samaki hana kazi, na mimi fundi cherehani nilikuwa na kazi lakini nilijifanya sina. Tulikuwa na miaka ishirini na kitu. Hakuna aliyetuambia kwamba tulikuwa na raha, ndiyo maana tuliifaidi.

Masharti ya mzee yalikuwa rahisi. Shoferi alilala na ufunguo, na alfajiri gari lilitakiwa liwe mbele ya msikiti ili mzee akitoka kuswali aende nalo kazini. Kuhusu saa zilizotangulia alfajiri hakusema lolote. Shoferi alisema mzee hajakataza. Mimi nilisema hajaruhusu. Fundi wa taa alisema tupande, tutabishana njiani.

Basi tulipanda. Mafuta tulichanga. Tulibeba miwa, muhogo wa kukaanga, chupa ya chai, na karabai moja, kwa kuwa taa moja ya gari ilikuwa imekufa tangu zamani. Fundi wetu alisimama nyuma ameishika karabai yake juu ya paa, akijisifu kwamba inamulika kuliko taa iliyotoka kiwandani. Tulikwenda Minago, mahali barabara inapobanwa kati ya mlima na maji hadi unaweza kutema ganda la muwa likaangukia ziwani. Usiku mwingine tulishika njia ya kusini, tukapita msitu wa Kigwena ambako hata mbalamwezi haifiki chini, tukaimba kwa nguvu kuliko kawaida kwa sababu tuliogopa. Tulikuwa hatuendi popote. Tukifika tulipofika, tulikunywa chai, tukatazama milima ya Kongo ng'ambo, tukageuza gari.

Hatuendi popote, nasema, mpaka shoferi alipoanza kupenda. Msichana alikuwa wa Kabonga, huko mwisho kabisa karibu na mpaka wa Tanzania. Alimwona mchana mmoja alipokwenda kupakia mawese, na tangu siku hiyo safari zetu zote zikawa za Kabonga. Usidhani tulikwenda kuzungumza naye. Tulifika, tukazima injini, tukapita kwao kimyakimya gari likiteremka lenyewe, shoferi akautazama ua wa matete na bati la nyumba, akapumua, tukarudi. Saa tatu kwenda na saa tatu kurudi, mgongo wote umevunjika, kwa ajili ya kutazama matete! Nilimtukana njia nzima. Alikubali kila tusi akicheka, na mtu wa namna hiyo huwezi kumkasirikia muda mrefu.

Sasa lazima nieleze honi. Kila gari la mzigo kando ya ziwa lilikuwa na honi yake, na wanawake wa vijijini walizijua kama wanavyojua sauti za watoto wao. Yetu ilikuwa tatu fupi, moja ndefu. Ikilia, wanawake walitoka na madebe ya mawese na magunia ya ndagala wakavu, wakayapanga barabarani. Na desturi ilikuwa kwamba gari likishapiga honi halina ruhusa ya kuondoka bila kubeba. Likiita likaondoka tupu, wanawake hawakugombana nalo. Walilinyamazia tu, na siku nyingine likipiga honi hakuna hata mmoja aliyetoka. Nililiona gari moja likifa hivyo, injini nzima, magurudumu mapya.

Gari linalopita mara kwa mara limezimwa injini halifichiki, na baba wa msichana akatuma habari kwamba ipo familia nyingine inayomtaka binti, na kama shoferi ana nia, alete mzee wa kumsemea kabla mwezi ule haujaisha. Yatima hana baba wa kumpeleka kuposa. Alikuwa na mtu mmoja tu duniani wa kusimama badala ya baba, naye ni mwenye gari. Shoferi alikwenda akapiga magoti, na mzee akakubali. Wangekwenda Ijumaa ya wiki iliyofuata.

"Lakini sikiliza," mzee alimwambia, na shoferi akatusimulia neno kwa neno. "Nitasema mbele ya watu kama weye ni mutu wa kuaminika. Usinifanye muongo."

Watu wenye akili wangekaa nyumbani wiki nzima wakisubiri Ijumaa. Sisi tulikwenda Minago kusherehekea.

Nakumbuka tulivyokuwa na furaha usiku huo. Shoferi alikuwa anaendesha huku akihesabu watoto atakaowapata na kuwapa majina. Fundi wa taa alidai mmoja wa kiume apewe jina lake. Mimi niliahidi nguo za harusi, mikono sawa kwa sawa. Tukaingia Minago tukicheka, na palepale kwenye kona ya kwanza, mahali ambapo kwa miaka sita mkono wake ulikuwa umezoea kufanya jambo lilelile, mkono ukalifanya. Tatu fupi, moja ndefu.

Kicheko kilikatika. Tulitazamana. Kisha, upande wa juu wa barabara, mlango ukafunguliwa.

"Ondoa gari!" nikamwambia.

Hakuondoa. Alizima injini, akaegemeza paji la uso kwenye usukani. Walitoka mmoja mmoja kati ya michikichi, khanga zimefungwa ovyo, macho bado yana usingizi, na kila mmoja ana debe kichwani. Mbele yao alikuwa mama mmoja mrefu ambaye biashara yote ya mawese ya kona ile ilipita mikononi mwake. Alitua debe lake barabarani, akatuangalia, akauangalia na mwezi.

"Amahoro, batoto. Sasa munakujaka na usiku?"

Mimi ndiye niliyekuwa na mdomo, nikashuka. "Mama, utusamehe. Tulikosea. Gari leo haiko na kazi."

"Gari haiko na kazi. Na honi?" Alisubiri. "Honi imeniita. Nimeamuka, nimeamusha na majirani. Sasa nirudishe mawese kwa nyumba niseme nini? Niseme gari ya Muzee iko inatudanganya?"

Nilitafuta uongo wa haraka, nami kwa kawaida nina akiba, lakini shoferi alishuka akanisogeza kando. Alikuwa amekunja uso kama mtu mwenye jino bovu. Alijua hesabu yake vizuri. Akibeba, mzee ataliona gari alfajiri limejaa madebe ambayo hakuyaagiza, na atajua. Asipobeba, hakuna atakayejua usiku huo, ila mzee atapoteza Minago nzima na hataelewa kwa nini. Ilikuwa rahisi kuondoka. Hata mama yule alikuwa anatusubiri tuondoke.

"Nimeita," shoferi akasema. "Tupakie."

Tulipakia madebe mpaka springi zikalia. Kisha wanawake wenyewe wakapanda, wanane, kwa kuwa kesho yake ilikuwa siku ya soko Rumonge na hakuna aliyetaka kulala tena. Yule mama mrefu alikaa mbele, mahali pangu. Mimi nilirudi Rumonge nimekaa juu ya debe la mawese, goti la mtu mbavuni, na mvuke wa mafuta puani. Na niseme ukweli: katika safari zetu zote, hiyo ndiyo iliyokuwa na raha kuliko zote. Wanawake wale hawakuwahi kusafiri usiku kwa gari, bila mtoto mgongoni wala mume wa kuuliza unakwenda wapi. Walipopita pale ziwa linapokaribia gurudumu walipiga vigelegele. Waliimba. Walitaka gari lisimame wateremke wanawe miguu, likasimama. Walitaka fundi wa taa aieleze karabai yake, akaieleza, na mmoja akamwambia afadhali aolewe na karabai, maana inang'aa kuliko fundi wake. Kisha wakanigeukia.

"Eti weye ndiye fundi cherehani? Hii kola ulishona na macho ya kufunga?"

Mbele, shoferi hakucheka. Kupitia kioo cha nyuma niliona shingo yake tu, imekakamaa. Nilianza kumwonea huruma, na huruma ikaniondolea utamu wa safari.

Gari zito haliharakishwi. Tulipofika msikitini swala ilikuwa imekwisha, na mzee amesimama mlangoni na viatu vyake mkononi. Alitutazama sote: madebe, wanawake wanane, mimi niliyepakwa mawese kifuani, na fundi aliyeduwaa na karabai yake ikiwaka kumeshakucha. Yule mama akashuka kwanza.

"Nani amewatuma saa hii, mama?"

"Honi yako, Muzee. Imeita usiku wa manane. Wenzangu walisema ni wezi. Miye nikasema, honi hii haijawahi kutudanganya, tutoke."

Mzee aliinama. Alivaa kiatu kimoja, kisha cha pili.

"Basi murakoze, asanteni kwa kuitika," akasema.

Akanyoosha kiganja kwa shoferi. Shoferi akavua kamba ya ufunguo shingoni, akamwekea mkononi. Mzee aliingia garini, akaendesha mwenyewe mpaka sokoni na wanawake wale nyuma, wakiimba bado.

Siku zilizofuata sipendi kuzikumbuka. Mzee hakumfokea shoferi. Laiti angemfokea. Alimsalimu vizuri, akala naye kama kawaida, na ufunguo ukabaki kwenye mfuko wa kanzu. Kuhusu Ijumaa hakusema neno, na shoferi hakuthubutu kuuliza. Alikuja kukaa karibu na cherehani yangu kutwa nzima, akiokota vipande vya nyuzi. Mara moja tu alisema, "Ningeondoka pale Minago, sasa hivi ningekuwa na mke." Nilikanyaga cherehani kwa kasi, nami nilijua ni mimi niliyepiga kelele za kwenda kusherehekea.

Jumatano mzee mwenyewe alikuja kwangu na kanzu mpya. Alitaka pindo lipunguzwe, iwe tayari Alhamisi. Nilitaka kumwombea rafiki yangu msamaha, maneno nilikuwa nimeyapanga. Nikafungua kinywa nikasema, "Nipunguze vidole viwili au vitatu?" Akasema viwili. Nikapunguza viwili. Sikujiuliza mtu anahitaji kanzu mpya ya nini kabla ya Ijumaa, na huo ndio ujinga wangu.

Alhamisi usiku, saa nane ikiwa imepita, tulikuwa bado tumekaa watatu barazani kama waliofiwa. Mzee akatokea na kanzu yake mpya. Alimrushia shoferi ufunguo, ukamgonga kifuani ukaanguka.

"Okota. Kabonga iko mbali, na mchana miye niko na kazi. Nyinyi njia ya usiku munaijua kunishinda."

Fundi wa taa alikimbia kuchukua karabai. Mimi nilipanda nyuma nikiwa bado nimeshika mkasi.

Tulipokaribia Kigwena, mzee alitoa kichwa dirishani akatuita sisi wa nyuma. "Hapa ndiyo munakulaka miwa?"

Fundi wa taa alishusha karabai yake taratibu.

"Kila mwezi ukijaa nakuta maganda chini ya kiti changu. Nilisema labda ni panya. Lakini panya hawachangi mafuta."

Alicheka peke yake kwa muda mrefu. Sikuwahi kumsikia akicheka, na nadhani hata yeye alishangaa. Msituni alituagiza tuimbe, akashangaa tunavyokosea maneno.

Tuliingia Kabonga mapambazuko, ziwa jeupe, moshi wa kwanza ukianza kupanda. Shoferi alizima injini ili tupite kimya kama tulivyozoea.

"Piga honi," mzee akasema.

"Muzee, wataleta mawese."

"Piga. Minago ulipiga bila kazi. Hapa kazi iko, unaogopa nini?"

Tatu fupi, moja ndefu. Milango ikafunguka, madebe yakatoka. Na katika waliotoka kwenye ule ua wa matete niliokuwa nimeuchukia, alikuwamo msichana mwenyewe, khanga kuukuu, jivu usoni, debe kichwani. Mzee alishuka, pindo la kanzu likiwa sawasawa, naomba ikumbukwe.

"Amahoro, ndugu zangu. Leo hatubebi mawese. Tumekuja kuomba jiko."

Kijiji kizima kiliangua kicheko. Msichana alitua debe mbele ya gurudumu, akakimbia ndani amejifunika uso. Baba yake alikuja anafunga vifungo vya shati. Pale pale barabarani, kabla ya mkeka wala kahawa, mzee aliweka mkono begani kwa shoferi.

"Huyu ni mutoto wangu. Nimeahidi kuwaambia kama ni mutu wa kuaminika. Juzijuzi alipiga honi kwa makosa, usiku, mahali asipotakiwa kuwa. Angeweza kukimbia. Alibeba. Hiyo tu ndiyo niko nayo ya kusema."

Nilimwona shoferi analia waziwazi. Mimi nililia kwa siri, nyuma ya gari.

Walioana, na safari zetu ziliendelea miaka kadhaa, sasa kwa ruhusa, mara nyingine mke akiwa mbele na mtoto mapajani. Mtoto wa kiume alipewa jina la fundi wa taa, jambo ambalo sijalisamehe.

Kisha ukaja mwaka wa sabini na mbili, mwaka wa mauaji. Sitausimulia. Waliouona wanaujua, nami niliuona. Mzee wa kanzu tulimpoteza wiki zile, na hadi leo nikishona pindo namkumbuka, moyo unaniuma. Shoferi alikuwa Kabonga kwa wakwe zake, pamoja na gari. Yaliyotokea huko nilisimuliwa na mkewe miaka mingi baadaye, nilipowatembelea Kigoma.

Watu walikuwa wamejificha kwenye michikichi, alisema. Mpaka haukuwa mbali, gari lilikuwepo, lakini hakuna aliyetoka. Waliitwa kwa majina, hawakutoka. Usiku ule sauti ya mtu haikuaminika, hata ya jirani. Shoferi alikaa garini mkono juu ya honi bila kuibonyeza, maana kelele ingeweza kumwita yeyote. Halafu akapiga, tatu fupi, moja ndefu.

Walitoka, mmoja mmoja, na watoto mgongoni. Alibeba mpaka springi zikalia, akaendesha bila taa mpaka njia ya gari ilipokwisha, na kutoka hapo wakatembea, wakavuka. Bibi wa mkewe alikuwa ameitika honi kama alivyoitika miaka yote, na debe la mawese kichwani. Walimsihi aliache, akakataa, akavuka nalo.

Kule Kigoma, mkewe aliniambia, mawese ya debe lile yalipikia maharagwe watu wote wa gari lile, mwezi mzima.